Friji ya gari la kempingi ikizima, usikimbilie betri mpya

Kama uko Mombasa na una gari la kulala, iwe ni Hiace umeigeuza ukaweka kitanda na friji ama ni kempa kamili, basi jua kinachokusumbua sana kwa mambo ya stima ni chumvi. Ukipaki Tiwi ama Diani wikendi nzima na upepo wa kusi unapiga, ile hewa inaingia mpaka chini ya gari, waya za ethi, zile za kuunganisha negativu ya betri na bodi ya gari, zinashika kutu na ule unga wa kijani, alafu taa zinafifia, pampu ya maji inavuta kwa shida, friji inazima usiku wa manane na fundi anakwambia betri imekufa nunua nyengine. Na betri si bei ya nyanya Kongowea.

Naomba kitu kimoja tu, pima kwanza. Mita ya volti ya bei rahisi yatosha. Zima kila kitu, acha gari ikae masaa kadhaa, alafu pima betri ya nyuma, ile inayolisha friji na taa. Betri ya asidi ikijaa yasoma kama volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 iko nusu, chini ya 12 ndo ishaisha hiyo. Lithiamu ina hesabu zake, usichanganye.

Sasa betri imejaa na friji bado yazima? Washa friji na taa zote, ziache zikiwaka, waya mweusi wa mita uweke kwa negativu ya betri, mwekundu kwa bodi ya gari pale bolti ya ethi inapofungwa. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti kwenda juu, tatizo ushalipata, volti zapotelea hapo kwenye kutu, na friji za kompresa nyingi zikiona volti imeshuka hujizima zenyewe ndo maana watu hudhani ni betri. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza sawasawa, paka grisi juu. Rangi ikibaki pale chini ni kazi bure, na hii hatua mafundi wengi wairuka, yaniuma sana manake ni dakika chache tu.

Ethi ikiwa safi lakini betri yasoma 12.5 na kwa friji yafika 11 na kitu, basi waya wa pozitivu ni mwembamba ama kiungo kimelegea.

Betri ya nyuma haijai hata ukitoka Kilifi mpaka mjini? Pima injini ikiwa inanguruma. Ikipanda 13.5 hadi 14.4 inacheji, ikikwama 12 na kitu angalia fyuzi na rilei, ile swichi inayounganisha betri ya injini na ya nyuma.

Na tafadhali, fyuzi ikikatika usiifunge na ile karatasi ya kung'aa ya sigara wala usiweke kubwa zaidi. Fyuzi inalinda waya, na kwenye kempa huo waya unapita nyuma ya mbao, karibu na godoro na mtungi wa gesi, watu wamelala. Ikikatika tena, mara nyingi kuna mahali waya umechubuka unagusa bodi, anza kutafuta hapo.

Upande wa volti 240, yaani soketi na inveta inayogeuza stima ya betri iwe kama ya nyumbani, huo mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi.