Sikukataa chanjo, nilikuwa tu nasema wiki ijayo

Kijitabu cha kliniki cha kadogo wangu nimekifunika na plastiki, vile tulikuwa tunafunikiwa vitabu za shule. Ukifungua ile peji ya chanjo utaona tarehe zimepangana vizuri, ya kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, zote na sahihi ya sista, halafu ukifika pale kwa miezi 9 kuna tarehe iliandikwa na penseli ikafutwa, ikaandikwa ingine, hiyo nayo ikafutwa, hadi karatasi ikatoboka. Hiyo shimo ndio nataka kuongelea leo.

Niseme mapema, mimi si wale wa kupinga chanjo. Niko na ile alama ya BCG, chanjo ya TB, kwa mkono wa kushoto kama karibu kila mtu amezaliwa Kenya. Mtoto wangu wa kwanza alimaliza zote, na huyo nilikuwa nampeleka vile unapeleka mtoto kunyolewa, umeambiwa siku, unaenda, mnarudi nyumbani. Kwa huyu wa pili kitu kilibadilika na nikijaribu kutafuta ni nini haswa sipati kitu kimoja, ni vitu vidogo vidogo zilishikana.

Nafikiri ilianzia wiki ya 14. Kwa wenye mmesahau, hiyo ndio siku mbaya, sindano tatu kwa mpigo: ile ya tano-kwa-moja ambayo iko na dondakoo, pepopunda, kifaduro, hepataitisi B na Hib (kijidudu kinacholeta homa ya uti wa mgongo), halafu ya nimonia, halafu ya polio ya kudungwa, na bado anatiliwa matone ya polio kwa mdomo. Nilikuwa nimemshika mimi. Sindano ya kwanza aliniangalia tu, kama mtu anauliza ulikuwa unajua? Ya pili ndio akalia. Usiku paja likavimba, mwili moto, nikakaa naye kwa kiti hadi saa kumi nikimpanguza na kitambaa chenye maji huku baba yao anakoroma. Asubuhi homa ikashuka, siku ya pili alikuwa analamba slipa ya babake kama kawaida. Hakuna kitu kibaya kilitokea, homa ya siku moja mbili hata sista alikuwa ameniambia itakuja. Lakini kichwa changu kilihifadhi ile sura.

Sasa miezi 9 ikakaribia, ya surua na rubela, na kwa grupu ya WhatsApp ya kina mama mtu akatuma rekodi ya sauti, imeforwadiwa mara nyingi, mwanamke anaongea polepole na uchungu kabisa kuhusu mtoto wake aliacha kuongea baada ya sindano. Sijui ni nani, sijui ni wa nchi gani. Naijua hiyo stori inatoka wapi, najua kuna daktari wa Uingereza anaitwa Andrew Wakefield aliandika mwaka wa 1998 akihusisha chanjo ya surua na otizimu, akiwa na watoto 12 tu, ikaonekana kazi yake ilikuwa na udanganyifu, jarida likaifuta 2010 na yeye akapokonywa leseni mwaka huo huo, na Denmark walifuata watoto zaidi ya laki sita na hawakupata uhusiano wowote na otizimu. Haya yote nilikuwa nayajua na bado nilisikiza ile rekodi mara tatu nikiwa kwa choo. Yule mama analia, na hizo takwimu hazilii.

Halafu binamu yangu yuko Uingereza akaniuliza kwa simu, kwani huko mnadunga watoto surua wakiwa na miezi 9? Huku ni mpaka afikishe mwaka. Hiyo sasa ndio ilinimaliza. Kwa sababu sisi watu wa huku tuko na hiyo kidonda tayari, ya kuona kama tunapewa kitu ambayo wenzetu hawapewi. Mnakumbuka 2014 vile maaskofu wa Katoliki walisema ile chanjo ya pepopunda ya wanawake imewekwa homoni ya kufunga uzazi? Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha, na ikaelezwa kwamba mashine za hospitali za kupima hiyo homoni ni za damu na mkojo, hazikutengenezewa chanjo. Lakini mimi wakati huo niko kolegi mamangu alinipigia simu akitoka tu kanisani, akaniambia mtu yeyote asikuguse mkono. Miaka baadaye nikapata mimba nikadungwa hiyo hiyo pepopunda na nikazaa tena. Ungefikiri hapo ningekuwa nimejifunza. Wapi.

Nikamwambia baba watoto. Akasema, "Fanya vile unaona."

Kina mama mnaijua hiyo sentensi. Inasikika kama heshima, ati mke wangu nakuamini, lakini maana yake ni kwamba mtoto akipata homa ni wewe ulimpeleka na asipopelekwa akaugua ni wewe hukumpeleka. Na ukikaa na hiyo uzito peke yako usiku unagundua kitu cha ajabu, kwamba hizi pande mbili haziko sawa kabisa kwa roho. Nikimpeleka adungwe halafu kitu kifanyike, hiyo ni mkono wangu. Nisipompeleka halafu apate surua, watu watasema ni ugonjwa, ni Mungu, pole sana mama. Hakuna mtu kwa ploti ataniuliza ulifanya nini. Kutofanya kitu kunaonekana msafi. Ndio maana ukiniuliza nani anakataa chanjo hapa Kayole nitakuambia sijui hata mmoja, lakini wale wanasema wiki ijayo tuko wengi.

Na Nairobi inakusaidia kusema wiki ijayo. Mimi niko na kaduka ka M-Pesa na nguo za watoto. Chanjo yenyewe ni ya bure kwa kliniki ya serikali, lakini kufunga duka asubuhi nzima si bure, mwenye alikuwa anatoa pesa kwangu ataenda kwa ule mama wa ng'ambo ya barabara na labda asirudi. Mara ya kwanza nilienda Ijumaa. Nikaambiwa mama, surua tunafungua Jumanne, chupa moja ni watoto 10 na ikishafunguliwa masaa sita inatupwa, hatuwezi fungulia mtoto mmoja. Nilikasirika lakini ukifikiria ni haki yao, wakifungulia kila mtu kivyake mwisho wa mwezi zitakuwa zimeisha. Tarehe ikaandikwa na penseli.

Jumanne ya kwanza sikuenda, kulikuwa na stoki inakuja. Jumanne ya pili nikaenda, mapema, nikakaa laini masaa mawili kwa ile benchi ya mbao mtoto amelala, na sista akatoka akasema leo hakuna, imeisha, mjaribu wiki ijayo. Kina mama wengine wakaanza kulalamika, na walikuwa na haki, 2025 tumeona watu wakizunguka na watoto wachanga mjini wakitafuta BCG na polio kama mtu anatafuta unga wakati wa uhaba. Mmoja alikuwa ametoka Njiru na pacha, mmoja mgongoni mmoja mbele.

Mimi nilifurahi.

Nilisikia mabega yakishuka. Nikatoka kwa hiyo geti natembea haraka kama mtu ameachiliwa na polisi, na nilikuwa nimefika steji kabla sijajiuliza, kwani unafurahia nini? Miezi yote nilikuwa najiambia ni kazi, ni laini, ni stoki. Kumbe naogopa.

Sikuambia mtu. Niliendelea hivyo hadi shosho, mamake baba watoto, akaja kutoka ushago na ndizi na maswali yake. Akaomba kijitabu. Hasomi sana lakini kijitabu cha kliniki anakijua kuliko mimi. Akaweka kidole kwa ile shimo, hakusema kitu, akaniuliza tu kama mtoto amepewa ile dawa ya macho. Ni vitamini A alikuwa anamaanisha, yale matone wanapewa kuanzia miezi 6, mimi nilikuwa naionaga kama zawadi tu ya kuenda kliniki. Akasema, "Wewe mama, unajua kwa nini yule shemeji yako mkubwa hukaa akigeuza shingo akikuangalia? Jicho la huku halioni. Surua. Tulimfungia ndani kwa giza wiki mbili kwa sababu mwanga ulikuwa unamuuma, alipotoka akatoka na jicho moja." Miaka nane nimeolewa kwa hiyo boma, na mimi nilikuwa nafikiria jamaa ni kiburi.

Basi nikarudi kliniki, na hii mara nikaamua nitasema ukweli. Nilipata sista mwingine, mtu mzima, miwani kwa kamba. Nikamwambia, "Daktari, mimi naogopa hii sindano." Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, kwa sababu wacha tu tuseme, kuna pahali ukichelewa unaongeleshwa mbele ya laini nzima mpaka unaapa hurudi tena, na hiyo pia ni njia ya kufanya watoto wasichanjwe. Huyu akasema keti. Akaniuliza unaogopa nini haswa, si chanjo kwa jumla, nini haswa.

Nikamuuliza ile ya binamu, kwa nini huko ni mwaka na huku ni miezi 9. Akanieleza hivi: mtoto anazaliwa na kinga ya mamake dhidi ya surua, na hiyo kinga inapungua polepole. Ukimdunga mapema sana kinga ya mama inazuia chanjo ishike, ukingoja sana unamwacha wazi. Mahali surua imepungua wanaweza ngoja mwaka na zaidi ishike vizuri. Huku bado iko, na inapata watoto wakiwa wadogo, kwa hivyo tunachagua miezi 9 tukijua kati ya watoto 100 kama 15 haitashika. Nikamwambia sasa hao 15? Akasema hao ndio tunawatafuta kwa ile ya mwaka na nusu. Mimi maisha yangu yote nilifikiri ile ya pili ni ya kuongezea nguvu tu, kama vile unaongeza sukari. Kumbe hakuna mtu anajua mtoto wako ni wa wale 85 ama wa wale 15.

Halafu akatoa chupa kwa kale kaboksi ka barafu, kadogo kama kidole gumba, akanionyesha kistika. Kuna duara ya rangi na ndani kuna mraba mweupe, na chupa ikikaa kwa joto ule mraba unaanza kuwa mweusi, ukifika rangi moja na duara hiyo hawaitumii tena. Akanishikisha niangalie mwenyewe. Mraba ulikuwa mweupe. Sijui kwa nini hiyo ndio ilinituliza kuliko ile hesabu yote, labda kwa sababu ni kitu naweza kuangalia na macho yangu. Kila mzazi anaweza kuomba kuonyeshwa, na mimi naona wangekuwa wanatuonyesha bila kuombwa.

Akadungwa akiwa na miezi 10 na nusu. Alilia kama dakika moja hivi, akapewa kijitabu akaanza kukitafuna. Siku kama saba baadaye akapata joto kidogo na vipele viwili vitatu, sista alikuwa ameniambia inaweza kutokea, ikaisha.

Baba watoto ndio alikuwa bado na lake, ati lakini haya magonjwa si yameisha, ulimwona mtu na polio lini? Nikamwambia virusi vya polio vilipatikana kwa majitaka ya Kamukunji 2018, na Kamukunji ndio mimi huenda kutoa stoki na huyu mtoto mgongoni. Na surua nayo, mtu mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wenye hawana kinga, yaani hiyo ni matatu nzima ya abiria 14, na hata akishuka vile virusi vinabaki hewani hadi masaa mawili. Akanyamaza. Halafu akauliza kama shati yake ya kazi imepigwa pasi.

Sasa tumefika ile ya miezi 18 na hii ndio watu wengi wanaruka. Naelewa kabisa kwa nini. Mtoto anatembea, ana meno, hauendi tena kliniki kupima kilo kila mwezi, umerudi kazini, na mwenye anashinda na mtoto ni dada wa kazi. Kwa nyumba nyingi Nairobi dada ndio hupeleka mtoto kliniki na hakuna mtu amewahi mweleza kitu, anapewa kijitabu na nauli na anaambiwa ukiulizwa sema mama yuko kazini. Huyu wangu nilimuuliza anafikiria aje kuhusu hiyo sindano akaniambia kwao wanasema inafanya mtoto awe mzito wa kichwa. Na ndio alikuwa aende naye peke yake! Tumekaa chini nikamweleza ile ya 85 na 15 na maharagwe kwa meza, akahesabu, akasema kumbe.

Tutaenda wote watatu. Penseli nimetupa, tarehe nimeandika na biro. Ni Jumanne hii, duka litakuwa limefungwa kutoka saa mbili hadi saa tano ama sita hivi kulingana na laini, kwa hivyo wateja wangu mwenye anataka kutoa pesa aje Jumatatu jioni, na tafadhali msiende kwa yule mama wa ng'ambo.