Soko la Lamu na torg ya Stockholm

Ukisimama sokoni Lamu, ubavuni mwa ngome, umesimama ndani ya neno la Kiarabu: suq. Stockholm nako uwanja mkongwe wa mji unaitwa Stortorget, na hiyo torg, yaani uwanja wa soko, si ya Kiskandinavia asilia. Ni ya Waslavi wa mashariki, wa ukoo wa Warusi, ambao Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, waliwafuata kwa njia ya mito kutafuta manyoya na fedha. Hata mkalimani: sisi tumemtoa kwa Waarabu, Waswidi wanamwita tolk, nalo lina asili ya Kislavi.

Hapa wengi hukosea. Wakiona syster ya Kiswidi na sestra ya Kirusi, zote dada, husema mmoja kamwazima mwenzake. Sivyo, huo ni undugu wa damu, kama vile Mgiriama anavyosema mutu nasi tukasema mtu. Ili kuutambua mkopo, kwanza tazama lugha za ukoo mmoja na Kiswidi. Torg huioni katika maandishi ya kale kabisa ya Kijerumani wala ya Kiingereza, lakini kwa Waslavi imetapakaa. Hiyo ndiyo dalili ya mkopo.

Kisha sikiliza sauti. Neno la Kislavi lilikuwa na irabu fupi iliyofanana na u, ambayo baadaye Warusi waliigeuza o. Wafini walilichukua mapema, likabaki katika jina la mji wa Turku. Baadaye wakalipokea tena kupitia Waswidi, safari hii likiwa tori, yaani soko. Neno moja, milango miwili, na irabu ndiyo inayotoboa siri. Wadenmark wao walilainisha g ya mwisho, wakapata torv. Usiichanganye na tørv, udongo mweusi wa kuchoma jikoni.

Lakini maneno kama torg, yaliyoingia moja kwa moja, ni machache. Mengi yalipita mikononi mwa Wajerumani, hasa wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara, waliotawala biashara ya bahari ya Baltiki karne za kati. Gräns, mpaka, ni granica ya Wapoland. Pråm, tishari la kubebea shehena, limepita njia hiyohiyo, na piska, mjeledi, vilevile. Tango ndilo linalonifurahisha: Wapoland husema ogórek, Wadenmark wakabaki na agurk, Waswidi wakasema gurka, irabu ya mwanzo imekatika kama katika Gurke ya Wajerumani. Norway nao teksi wanaiita drosje, kumbe ni drozhki, gari la farasi la Kirusi lililozungukia Ujerumani. Kwa hiyo ukisema neno fulani ni la Kislavi, taja na mlango lililoingilia. Chai yetu asili yake China, ila hatukuipokea kwa Mchina.

Robot ni jipya: limetoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek, Mcheki, ya mwaka 1920, kutokana na robota, kazi ya shokoa.

Mkopo haukwenda upande mmoja. Warusi walichukua majina ya nanga na ya samaki aina ya heringi kutoka kaskazini, yakor na seld. Walichukua hata knut, fundo, wakalifanya jina la mjeledi. Waswidi baadaye wakalipokea tena neno lao, sasa likiwa na maana ya mjeledi wa Kirusi.