Kodoni ya sita

Leo nimeshinda na herufi tatu tu za DNA: GAG. Ni kodoni, yaani kundi la herufi tatu linaloagiza asidi amino moja (kiungo kimoja cha protini), na ni ya sita katika jeni ya beta-globini, mojawapo ya jeni zinazotengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Nilipanga kupitia aina za mutesheni, yaani mabadiliko ya herufi za jeni, moja baada ya nyingine kama vitabu vinavyozipanga, lakini nilipofika hapa sikutaka kuondoka, kwa sababu karibu zote unaweza kuziona mahali hapa pamoja.

GAG inaagiza asidi glutamiki. Ikigeuka GAA, protini haibadiliki, kwani GAA nayo inaagiza asidi glutamiki ileile. Ikigeuka GTG, inaingia valini, na anayeirithi kwa baba na kwa mama anaugua selimundu. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba tofauti yote iko kwenye asidi amino hiyo moja, katika mnyororo wenye asidi amino 146. Asidi glutamiki ina chaji hasi na inapatana na maji, valini inayakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujipachika kwenye kishimo kilicho juu ya himoglobini jirani, jirani naye anamnasa mwenzake, mpaka nyuzi ndefu zinajaa ndani ya chembe nyekundu na kuipinda. Maumivu yote ya mifupa na kifua yanaanzia hapo. Kila nikiisoma habari hii moyo unaniuma.

Sasa badilisha herufi ya kwanza badala ya ya pili: AAG. Inaingia lisini, yenye chaji chanya, mahali palepale. Hiyo ni himoglobini C, na hata aliyeirithi kwa wazazi wote wawili kwa kawaida hupata upungufu wa damu usio mkali. Ndiyo maana siridhiki na maelezo yanayoishia kusema “asidi amino moja imebadilishwa na nyingine”. Lazima tuulize imeingia ipi, na imekaa wapi.

Herufi hiyohiyo ya kwanza ikiwa T, tunapata TAG, amri ya kusimama, na protini inakatika ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Lakini kilichonikalisha mezani muda mrefu zaidi ni kuiondoa A ya katikati. Hili hutokea kweli kwa watu, na ni chanzo kimojawapo cha thalasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu. Nilichukua penseli nikaandika upya: badala ya GAG GAG AAG TCT, sasa inasomeka GGG AGA AGT CTG, na kila kodoni inayofuata imeazima herufi kutoka kwa jirani yake. Niliendelea kuzigawa tatutatu hadi penseli ikafika kwenye TGA, kodoni ya 18. Mwisho. TGA hiyo ilikuwemo humo siku zote, imegawanyika kati ya kodoni mbili, haina madhara, ikingoja usomaji uhame hatua moja tu. Tena seli hutambua ujumbe wa aina hii (nakala ya jeni iliyoandikwa kwa RNA) kuwa na kasoro na kuuharibu, hivyo hata kile kipande kifupi hakitengenezwi kwa kiasi cha maana.

Na zile zinazoitwa mutesheni kimya, zisizobadilisha asidi amino? Mimi jina hilo silipendi. Katika jeni ya lamini A, protini ya kiini cha seli, kuna GGC inayogeuka GGT. Zote mbili ni glisini. Lakini badiliko hilo huifanya seli ikate ujumbe wa RNA mahali pasipo pake, protini inapoteza asidi amino 50, na mtoto anapata projeria, anazeeka akiwa bado mdogo. Chanzo hicho kiligunduliwa mwaka 2003.

Kwa upande mwingine kabisa ipo distrofini, protini ya misuli. Mwaka 1990 ilitolewa taarifa ya familia iliyopoteza asilimia 46 ya sehemu ya jeni inayoagiza protini hiyo, na bado mmoja wao alikuwa akitembea akiwa na miaka 61. Kilichokatwa kilikuwa kikubwa, lakini idadi ya herufi zake iligawanyika kwa tatu, kwa hiyo kilichobaki kiliendelea kusomeka sawasawa. Wavulana wengi wenye ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli, wamepoteza sehemu ndogo zaidi ya hiyo, ila imevuruga usomaji wote uliofuata.

Kutokana na hilo likazaliwa wazo ambalo nalistahi sana: kumsaidia mgonjwa kwa kumpunguzia zaidi. Dawa ya eteplirsen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, huifanya seli iiruke eksoni ya 51 (kimojawapo cha vipande vya jeni vinavyounganishwa kuwa ujumbe) wakati wa kuunganisha RNA, ili herufi zirudi kwenye mpangilio wa tatutatu. Protini inayopatikana ni fupi, na kiasi chake bado ni kidogo mno. Kesho nataka kusoma kwa nini dawa yenyewe inapata shida kuingia ndani ya seli za misuli, hasa za moyo.