Mtoto huyu aitwe huntha

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Lamu, na kuna neno silikubali kabisa karibu na kitanda cha mzazi: hanithi. Mtoto hajamaliza saa moja duniani, tayari jamaa ameshafunua leso, akachungulia, akalitamka. Mama amelala pale pale anasikia.

Hanithi ni tusi la watu wazima. Mtoto ambaye maumbile yake hayajabainisha kama ni mume au mke ni huntha. Neno hilo limo katika vitabu vya fikihi, yaani sheria za Kiislamu, tangu kale, na mirathi yake imepangwa. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayofuata sisi watu wa Pwani, huntha ambaye hali yake ingali tata hupewa fungu lenye yakini, yaani lile dogo ambalo ni lake awe mume au awe mke, kinachobaki kikawekwa mpaka ijulikane au warithi wapatane. Wanazuoni walimtambua, iweje sisi tumtukane?

Madaktari nao mwaka 2006 waliacha kusema hermafrodaiti, wakachukua jina linalotaja kasoro katika ukuaji wa jinsi. Wahusika wengi wamelikataa, nami nawaunga mkono. Kasoro naitaja inapokuwapo: baadhi ya watoto hawa tezi zilizo juu ya figo hazifanyi kazi sawasawa, mwili unapoteza chumvi, na mtoto huanza kutapika na kulegea katika wiki za mwanzo. Asipotibiwa hufa. Kwa hiyo napigania damu ipimwe chumvi na sukari upesi. Kisu kingoje. Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki.

Serikali imechelewa lakini imefika. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya mtoto ambaye karatasi zake za hospitali, mahali pa jinsi, ziliwekwa alama ya kuuliza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa hali hii Kenya nzima.

Mama akiniuliza, “Dada, nimezaa nini?” namjibu: “Umezaa mtoto, mwanangu. Ni huntha. Mnyonyeshe, leo tunampima damu.” Baba akisita mlangoni, namwita aingie amwadhinie mwanawe.