Chumba kimoja na mtu anayeacha pombe

Watu huniuliza nilimshawishi vipi mwenzangu wa chumba chuoni aache pombe. Sikumshawishi. Alikuwa ameshachoka mwenyewe. Kilichokuwa kinamshinda ni zile siku za mwanzo, na hapo ndipo nilipopata kazi ya kufanya.

Mwaka wa kwanza alikuwa mnywaji wa wikiendi tu. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa anapiga mtungi kila siku, na asubuhi lazima atoe loki kwanza, yaani anywe kidogo, ndipo mikono iache kutetemeka. Hiyo mikono ndiyo iliyonishtua. Aliyelewa Jumamosi huamka na kichwa kinachogonga, lakini kalamu anaishika. Huyu alikuwa hawezi kuandika jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio mpaka anywe.

Usiku aliporudi bwii nilimlaza kwa ubavu, goti la juu limekunjwa mbele na kiganja chini ya shavu, ili akitapika yatoke nje yasimpalie. Washkaji walikuwa na tiba zao: kahawa nyeusi, kummwagia maji baridi, kumtembeza koridoni. Hakuna hata moja inayotoa pombe mwilini. Ini lina kasi yake, na pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata mtu akishazima. Ndiyo maana "mwacheni alale, itaisha" ni kauli niliyoichukia kuliko zote. Nilikuwa nakaa kuhesabu pumzi zake. Zikishuka chini ya 8 kwa dakika, zikipishana kwa zaidi ya sekunde 10, midomo ikigeuka rangi, au umfinye asishtuke, hapo ni kumkimbiza hospitali. Usiku mmoja alichanganya pombe na tramadol, dawa kali ya maumivu, na vyote viwili hupunguza nguvu ya kupumua. Siku hiyo sikuhesabu chochote. Tulimbeba kwa shuka, watu wanne, tukashuka naye ngazi.

Wawili kati ya hao walisita mlangoni wakihofia atafukuzwa chuo. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kwa mshauri wa wanafunzi kuuliza, bila kutaja jina, mgonjwa anayepelekwa kutibiwa anachukuliwaje. Jibu lilikuwa kwamba matibabu ni suala la daktari, nidhamu ni suala lingine. Si kila chuo kina utaratibu huo, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema, siyo saa nane usiku.

Aliporudi kutoka hospitali akasema, "Kesho sigusi tena. Nifungie mlango kwa nje." Nilikataa. Kwa anayekunywa kila siku, kuacha ghafla kunaweza kuua. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo nao hujichochea ili usizidiwe. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akiachia ghafla, mwingine anaanguka nao. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48 tangu tone la mwisho. Kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo mara nyingi huanza siku ya 2 hadi ya 4. Kujikaza kiume hakusaidii chochote hapo.

Tukaenda kliniki. Daktari akamwandikia diazepam, dawa ya kutuliza ubongo, ya kupunguzwa taratibu, na vitamini B1, kisha akanigeukia mimi: vidonge ushike wewe, na akinywa pombe usimpe, mlete. Nikaviweka kwenye begi langu. Alinuna kidogo, ila alikubali.

Mwili ulitulia mapema kuliko nilivyotarajia. Kilichobaki kigumu ni jioni, kipindi kinapokwisha na kundi linaanza kuitana. Hapo nilikuwa namburuta uwanjani, au maktaba, popote pasipo na chupa. Matokeo yalipotoka alirudia kunywa. Asubuhi yake alikwenda kliniki mwenyewe, mimi bado nimelala, na nadhani siku hiyo ina uzito kuliko yote niliyomfanyia mimi.

Kwa washkaji alikuwa na jibu moja tu: "Niko kwenye dozi." Mlevi atakubembeleza hata ukimwambia umeokoka, lakini mtu wa dozi humwacha. Mwanzoni ilikuwa kweli tupu. Vidonge viliisha, jibu likabaki lile lile, na hadi tunahitimu kuna jamaa walikuwa bado wanamuuliza hiyo dozi inaisha lini.