Wafuasi wa mama

Leo nimehesabu: miaka mitatu na miezi miwili tangu niweke video yangu ya kwanza ya mapishi mtandaoni. Nilivaa blauzi ya kanisani, nikazungumza Kifaransa cha darasani, jikoni nimefagia mpaka pamekuwa kama hotelini. Watu 41 waliitazama, na nadhani nusu yao ni dada zangu wakiirudia. Mwaka mzima ukapita hivyohivyo; mega za intaneti zinaisha, watu hawaongezeki.

Kisha jioni moja umeme ulikatika hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, nikahamia uani kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kupika bukari, yaani ugali, simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Mama alikuwa nyuma yangu anachambua kalembula, majani ya viazi vitamu. Kumbe ananitazama. «We mutoto! Maji hayiyachemka, unaweka bunga ya nini?» Nilitaka kuikata sehemu ile. Sikuikata, kwa uvivu tu.

Asubuhi simu ilikuwa ya moto. Watu wa Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi) na Kamalondo, watu wa Ndola kule Zambia, watu wa Ubelgiji. Mmoja wa Liège aliandika kwamba ana miaka tisa hajagombezwa kwa Kiswahili. Nilimjibu yeye, nikawajibu wote, mpaka saa saba usiku. Ukiniuliza nilipataje watu, hilo ndilo ninalolijua: kujibu, mmoja mmoja, hata anayeuliza tu chumvi ni kiasi gani.

Na saa nazo. Wale wa Ubelgiji huingia saa mbili usiku wakishatoka kazini. Kiangazi chao saa zetu na zao ni sawa, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa nyuma, sisi Lubumbashi hatugusi kitu. Mwaka ule wa kwanza nililia kabisa, nikidhani wamenikimbia. Walikuwa wamechelewa saa moja tu!

Ninaloona haya kuliandika ni hili: wafuasi si wangu. Mama alipokwenda msibani Likasi wiki mbili, niliweka video tatu peke yangu, na maoni yote yalikuwa swali moja: mama yuko wapi? Niliwajibu kwa adabu. Moyoni nilinuna. Yeye mwenyewe hajali; huniuliza tu kama wale watu wameshakula.

Jana nilimwomba tupige video moja bila yeye kusema neno. Akakubali. Alikaa kimya dakika mbili nzima na kalembula yake, akiniangalia tu, nami nikatia chumvi mara mbili.