Mikono ya Susana

Wiki tatu sasa nawanakili Susana wawili. Mmoja ni wa mchoraji Tintoretto, alichorwa Venice miaka ya 1550. Wa pili ni wa Artemisia Gentileschi, binti wa Roma aliyetia saini kazi yake mwaka 1610 kabla hajatimiza miaka 18. Picha zilizochapwa nimezibandika ukutani, juu ya meza yangu ya rangi hapa Mwenge, Dar es Salaam.

Wakatoliki wenzangu wanakijua kisa, Danieli sura ya 13 katika Biblia yetu. Susana, mke wa mtu, anaoga bustanini kwake, wazee wawili, tena waamuzi, wanamtokea: lala nasi, ama tutashuhudia kwamba tumekukuta na kijana. Akapiga kelele.

Susana wa Tintoretto ametulia. Mguu mmoja majini, ngozi inang'aa, pembeni kitana na lulu, mbele yake kioo anachojitazamia. Mzee mmoja amejikunyata chini, nyuma ya ua wa maua. Nilitumia siku mbili kwenye kile kioo, nikarudi kusoma sura ya 13. Susana aliagiza mafuta na sabuni. Kioo hakimo! Kakiweka mchoraji. Najua nitajibiwa kwamba hapo mwanamke bado hajawaona wale wazee. Ni kweli. Lakini katika sura nzima yenye vitisho, kelele na hukumu, kwa nini achague dakika hiyo?

Artemisia kaondoa bustani yote. Kuna kiti cha jiwe, na wazee wamemwinamia kutoka juu ya ukuta, mmoja kidole mdomoni: nyamaza. Susana amejipinda, uso kageuzia pembeni, mikono inasukuma. Tumboni na kwapani ngozi imejikunja, kama inavyojikunja ya kila mtu.

Nilimwomba mdogo wangu akae kwenye ngazi anijaribie mikao yote miwili. Wa Tintoretto aliuweza bila shida. "Huu hata mpaka jioni, dada." Wa Artemisia hakumaliza dakika tano. "Shingo inauma. Na nina hofu, sijui kwa nini."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, maana miaka tisa nimeishi kwa kuuza wanawake wasio na uso. Mnawajua: shingo ndefu, mtungi kichwani, mgongo, jua linazama. Watalii wanawapenda, na nimelipa kodi ya nyumba kwa migongo hiyo. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza jina.

Jumamosi nilikwenda Feri, soko la samaki, nikamwomba mama mmoja anayekaanga samaki nimchore kwa mbele, akifanya kazi yake. Alikubali kwa sharti nisimpunguze unene. Uso nimeupata. Mkono wa kushoto, ule anaoukinga mafuta yasimrukie machoni, nimeufuta mara nne; kila nikiuchora unatoka mlaini, kama umepumzika. Kesho asubuhi narudi kuutazama tena.